Seva ya Barua Pepe Kwenye Maabara: Madai Saba na Majibu Yake

Chumba chenyewe kiko orofa ya pili ya ploti moja hapa Murera, upande wa Juja, kaunti ya Kiambu. Ndani mna meza mbili, kompyuta tatu za mitumba, swichi moja, na waya nyingi kuliko viti. Kila Jumamosi huja vijana wanne au watano, wengi wao wanafunzi wa vyuo vya Juja, Ruiru na Thika. Darasani wameonyeshwa mchoro wa jinsi barua pepe inavyosafiri, mishale ikitoka kushoto kwenda kulia. Hapa wanakuja kuiunda seva yenyewe kwa mikono yao, kwenye mtandao wa majaribio.

Kila kundi jipya huingia na madai yale yale. Wameyasikia kwa wenzao, kwa mafundi wa saiba, kwa video za dakika kumi. Mengi yana chembe ya ukweli, na ndiyo maana hayafi. Nimeamua kuyajibu kwa maandishi kwa sababu nimechoka kuyajibu kwa mdomo, na kwa sababu mojawapo niliwahi kuliamini mwenyewe likaniponza.

Kwanza msomaji aijue maabara tunayoizungumzia, kwa kuwa si kitu cha bei. Ni mashine pepe tatu zinazoendeshwa na kompyuta moja yenye kumbukumbu ya GB 8. Mbili ni seva za barua, nazo tumezipa majina ya vikoa murera.test na juja.test. Ya tatu ni ya DNS, ya kujibu maswali ya majina ya vikoa. Seva za barua zinatumia Postfix, programu iliyoandikwa na Wietse Venema na kutolewa mwaka 1998, pamoja na Dovecot ya Timo Sirainen, iliyoanza kutolewa mwaka 2002. Postfix husafirisha barua. Dovecot humfungulia mwenye barua sanduku lake. Zote mbili ni za bure, na kila mashine pepe inatosheka na GB 1 mradi usiipachike programu ya kuchuja virusi, ambayo peke yake hula zaidi ya hapo. Basi tuanze.

Dai la kwanza: "Bila intaneti hakuna barua pepe."

Kijana anafika, anauliza nenosiri la Wi-Fi, na akiambiwa maabara haina intaneti anaketi kama mtu aliyekuja harusini akakuta matanga. "Sasa mwalimu, barua itapitia wapi?"

Itapitia kwenye mtandao wa humu humu ndani, kutoka mashine pepe moja hadi nyingine. Itifaki inayobeba barua pepe hadi leo, SMTP, iliandikwa na Jon Postel na kutolewa Agosti 1982. Waraka wake wa kwanza unasema wazi kwamba haitegemei aina fulani ya mtandao. Inachotaka ni njia ya kuaminika ya kupitisha data kwa mpangilio kati ya kompyuta mbili. Moja ijitambulishe, itaje mtumaji, itaje mpokeaji, ikabidhi barua, kisha ingoje jibu. Mazungumzo hayo unaweza kuyafanya mwenyewe kwa kuandika EHLO, MAIL FROM, RCPT TO na DATA kwenye kioo cheusi, na seva ikakujibu mstari kwa mstari. Kijana aliyefanya hivyo mara moja huwa haulizi tena ule mshale wa kwenye mchoro maana yake nini.

Isitoshe, Mkenya ndiye mtu wa mwisho kufaa kutoa dai hili. Mapema miaka ya 1990, kabla huduma za intaneti hazijaanza kuuzwa hapa nchini, barua pepe zilikuwa zikiingia na kutoka Nairobi. Shirika la mazingira la ELCI lilikuwa na kituo cha FidoNet, mtandao ulioanzishwa na Tom Jennings mwaka 1984, ambamo kompyuta zilipigiana simu kwa modemu, zikabadilishana mafurushi ya barua, kisha zikakata laini ili gharama isipande. Huduma za intaneti kwa wateja zilifika katikati ya muongo huo. Hapa kwetu barua ilitangulia, intaneti ikafuata.

Na hata ilipofuata, njia haikuwa fupi. Mteja wa kampuni moja akimwandikia jirani yake aliye na kampuni nyingine, ujumbe ulipanda setilaiti, ukazunguka ng'ambo, ukarudi Kenya. Kampuni za intaneti zilifungua kituo cha kubadilishana data, KIXP, Novemba 2000 ili mambo ya nyumbani yaishie nyumbani. Telkom Kenya ililalamika, na mwezi uliofuata Tume ya Mawasiliano ikaamuru kifungwe. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Walioshughulikia mitandao wakati huo walijua jambo ambalo vijana wetu wanapaswa kulirudia: barua inahitaji njia ya kumfikia mpokeaji, na mpokeaji akiwa chumba hiki hiki, njia haivuki mlango.

Chembe ya ukweli iliyomo ni kwamba utahitaji intaneti kupakua programu. Pakua, kisha kata. Kwenye VirtualBox, programu ya kuendeshea mashine pepe, kuna aina ya mtandao iitwayo Internal Network, ambayo mashine pepe huonana zenyewe tu. Chagua hiyo. Ile iitwayo Bridged, ambayo wengi huichagua kwa sababu "inafanya kazi haraka," huitoa mashine yako ya majaribio hadi kwenye mtandao wa nyumba nzima.

Dai la pili: "Ni majaribio tu, tumia kikoa chochote."

Tatizo la "chochote" ni kwamba kina mwenyewe. Jina lolote linaloishia .com au .co.ke linaweza kuwa la mtu leo, na kama si leo basi mwakani. Barua ya majaribio iliyoandikwa kwa jina hilo ikipata upenyo, itabisha hodi kwa mtu usiyemjua.

Si hoja ya kinadharia. Kwa miaka mingi mafundi wa Windows walizoea kuita mtandao wa ndani wa kampuni "corp". Kompyuta ya mkononi ikitoka ofisini ikaunganishwa kwenye mtandao wa hoteli, ilikuwa ikienda kuitafuta corp.com huko nje. Kikoa hicho kilikuwa cha Mmarekani Mike O'Connor, aliyekinunua mwaka 1994. Mtafiti mmoja alipokichunguza mwaka 2019, aliona zaidi ya kompyuta 375,000 zikijaribu kukitumia taarifa za ndani za kampuni zao. Alipokifungulia kipokee barua pepe, zilimiminika zaidi ya milioni 12 kwa muda wa saa moja hivi, naye akaona heri azime. Mwaka 2020 Microsoft ilikinunua kikoa hicho ili mlango ufungwe. Chanzo cha yote hayo ni mazoea ya watu walioandika jina bila kulifikiria.

Waandishi wa programu nao walizoea kuishia na .dev kwenye majaribio yao, hadi Google ilipopewa haki ya jina hilo. Mwishoni mwa 2017 kivinjari cha Chrome kikaanza kudai usimbaji kwa kila tovuti ya .dev, na majaribio ya watu wengi yakakatika usiku mmoja bila wao kugusa chochote.

Na dawa ilikuwepo tangu Juni 1999. Majina .test, .example, .invalid na .localhost yalitengwa rasmi, hayauzwi wala hayatauzwa. Kikoa example.com nacho kimewekwa kwa ajili ya mifano. Epuka .local, maana hiyo ina kazi yake nyingine: vifaa hutumia jina hilo kutafutana bila DNS, kwa hiyo seva yako itapata majibu leo na kesho ikose, nawe usijue kwa nini. Ita mtandao wako murera.test, kaunti.test, shangazi.test ukipenda. Ukikosea, barua haina pa kwenda.

Dai la tatu: "Data halisi ndiyo hupima vizuri."

Hili ndilo lililoniponza.

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi na shule moja, ambayo nitaiacha bila jina kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Walitaka programu ya kuwakumbusha wazazi karo kwa barua pepe. Nilichukua orodha ya wazazi kama ilivyo, majina na anwani, nikaiweka kwenye kompyuta ya majaribio, kwa sababu niliona orodha ya kubuni ingekuwa ya kitoto. Kila mzazi nilimwekea salio moja la majaribio: shilingi 999,999. Nilijaribu, barua hazikutoka, nikafurahi. Kumbe hazikutoka kwa sababu tu kompyuta haikuwa na intaneti. Postfix ilizipanga kwenye foleni ikisubiri, kama inavyotakiwa, na kwenye mpangilio wake nilikuwa nimesahau relayhost, mstari unaotaja seva ya kupitishia barua za nje, ikielekea kwenye akaunti yangu halisi ya barua.

Siku mbili baadaye niliiunganisha kompyuta ile na simu yangu ili nisasishe programu. Kabla masasisho hayajakwisha kushuka, foleni ilikuwa imekwisha kupanda. Mzazi wa kwanza alipiga simu shuleni nikiwa bado nakunywa chai. Sitaeleza yaliyofuata, ila nilienda shuleni kuomba radhi nikiwa nimevaa shati la Jumapili.

Mafunzo yake ni mawili. La kwanza ni la sheria: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haina kifungu kinachosema anwani ya mzazi huacha kuwa yake kwa kuwa imeingia kwenye kompyuta ya majaribio. Faini inayoweza kutozwa na Kamishna wa Data hufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka ya biashara, ile iliyo ndogo kati ya hizo. Hata iliyo ndogo si pesa ya kuchezea.

La pili ni la ufundi. Kutokuwa na intaneti si kufuli. Ni mlango ambao bado hujaupata ufunguo wake. Kufuli huwekwa ndani ya seva yenyewe. Kwenye Postfix acha relayhost tupu, elekeza default_transport kwenye error ili barua yoyote ya nje ikataliwe papo hapo, kisha andika kwenye jedwali la transport vikoa vya maabara pekee. Baada ya hapo hata ukiunganisha simu kumi, barua ya nje haitasubiri kwenye foleni. Itakufa hapo hapo na wewe utaarifiwa.

Na ile hofu kwamba data ya kubuni haipimi vizuri? Ni kinyume. Orodha halisi ina majina ya kawaida. Ya kubuni unaweza kuitia jina lenye herufi mia, lenye ng' na kistari chake cha juu, anwani isiyo na alama ya @, na sanduku lililojaa. Programu huanguka kwenye mambo kama hayo, na orodha ya shule ya wazazi mia tatu pengine haina hata moja kati yake.

Dai la nne: "DNS ni ya nini? Andika anwani za IP kwenye faili la hosts."

Anayesema hivi amezoea tovuti. Kwa tovuti inatosha: kivinjari kinataka anwani tu, na faili la hosts hukipa. Barua pepe huuliza swali jingine. Haiulizi "juja.test iko wapi?" bali "ni nani anayepokea barua za juja.test?" Jibu la swali hilo ni rekodi ya MX, na faili la hosts halina mahali pa kuiandika.

Zaidi ya hapo, Postfix kwa kawaida yake hailitazami kabisa faili la hosts inapotafuta pa kupeleka barua. Huuliza DNS tu. Nimeona vijana wakipoteza alasiri nzima kwa jambo hili. Ping inajibu, jina linafahamika, lakini barua imekwama, na logi inasema jina halikupatikana. Wanaanza kuilaumu swichi.

Kuna njia ya mkato: andika anwani ya IP ndani ya mabano ya mraba na barua itaenda moja kwa moja. Itaenda kweli. Lakini utakuwa umejifunza kupeleka kifurushi kwa boda boda unayemwonyesha njia kwa kidole. Siku seva ya juja.test ikihamia anwani nyingine, au ukitaka kuwa na ya akiba, hutakuwa na la kufanya.

Weka dnsmasq au BIND kwenye ile mashine ya tatu. Ongeza kwa muda seva ya akiba, kisha ipe juja.test rekodi mbili za MX, moja ya kipaumbele 10 na nyingine, ya hiyo ya akiba, ya 20. Zima ya kwanza, tuma barua, utazame ikienda kwa ya pili. Usisahau rekodi za kurudi nyuma, zile zinazoigeuza anwani kuwa jina. Bila hizo, logi itaandika kuwa aliyebisha hodi ni "unknown", na huko duniani seva nyingi humkataa mgeni wa namna hiyo.

Dai la tano: "Usalama ni wa seva halisi. Hapa acha kila kitu wazi."

Wanaotaka wepesi hufungua seva ipitishe barua za yeyote kwenda kokote, na hupitisha manenosiri bila kuyasimba. Husema wataziba siku ya kwenda kazini.

Historia ya barua pepe iliwahi kuishi hivyo. Sendmail, programu iliyotawala kazi hii kwa miaka mingi, ilikuwa ikipitisha barua za mtu yeyote bila kuuliza. Huo ulikuwa ujirani mwema wa watu wachache waliojuana. Kisha watuma barua taka wakaugundua ujirani huo. Mwaka 1998 toleo la 8.9 likafunga mlango kwa kawaida yake, na tangu hapo seva iliyo wazi huorodheshwa kama jambazi.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na seva pia. Faili la mpangilio lililofanya kazi kwenye maabara ndilo litakalonakiliwa kwenye seva ya kazi siku bosi ana haraka. Hakuna atakayekumbuka mstari wa mynetworks uliofunguliwa kwa dunia nzima. Kwa hiyo uandike sawa tangu siku ya kwanza: anwani za maabara pekee, kwa mfano 192.168.56.0/24.

Usimbaji nao una faida ya somo. Kabla hatujauwasha, huwa nawaambia vijana waweke Wireshark, programu ya kutazama data inayopita, katikati wakati mwenzao anaingia kwenye sanduku lake la barua. Nenosiri linapita likiwa limeandikwa kwa base64, na base64 si siri. Ni mwandiko mwingine tu. Kijana analigeuza kwa amri moja na kumsomea mwenzake nenosiri lake kwa sauti. Chumba kinacheka, mwenye nenosiri hacheki. Baada ya hapo tunatengeneza mamlaka yetu ya vyeti, tunawasha TLS, na wateja wanapeleka barua kupitia mlango wa 587 au 465 na kuzisoma kupitia 993. Mlango wa 25 tunauachia seva kwa seva. Hakuna kijana anayeuliza tena kwa nini.

Dai la sita: "Barua imefika, kazi imekwisha."

Hili ndilo dai lenye madhara kuliko yote, kwa sababu linasemwa na mtu aliyefaulu. Ametuma "Habari" kutoka murera.test, imeingia juja.test, amepiga picha ya kioo, anakusanya mkoba.

Barua ikifika umethibitisha kwamba inafika mambo yote yakiwa sawa. Lakini barua pepe iliundwa kwa ajili ya siku ambayo mambo hayako sawa. Kiini chake ni tarakimu tatu. Seva ikipokea barua yote kisha ikajibu 250, imeapa: barua hii sasa iko mikononi mwangu, nitaifikisha au nitamrudishia mwenyewe habari. Ndiyo maana Postfix huiandika barua kwenye diski kwanza, ndipo ijibu 250. Ikijibu kwa namba inayoanza na 4, inasema "si sasa, rudi." Ikianza na 5, inasema "usirudi." Fundi asiyezijua tofauti hizo atamwambia mteja ajaribu tena barua ambayo haitakubaliwa milele, na atakata tamaa na barua ambayo ingefika baada ya dakika kumi.

Kwa hiyo kazi ya maabara huanza pale kijana anapodhani imekwisha. Haya ndiyo tunayoyafanya.

Zima seva ya juja.test, kisha tuma. Andika mailq uione barua imesimama kwenye foleni pamoja na sababu yake. Iwashe tena, usiguse kitu, subiri. Postfix hungoja angalau dakika tano kabla ya kujaribu tena, na huendelea kujaribu kwa siku tano kabla ya kurudisha barua kwa aliyeituma. Hatuna siku tano, basi tunapunguza muda huo hadi saa moja ili tuione barua ya kushindwa ikirudi. Kijana aisome yote, mstari kwa mstari. Watu wengi huzifuta barua hizo bila kuzisoma, ilhali ndani yake mmeandikwa hasa kilichotokea.

Mwandikie mtu asiyekuwepo, upate 550. Mpe mwenzako sanduku dogo, ulijaze, uone anayefuata anajibiwa nini. Jaza diski ya seva kwa faili kubwa la bure, uone Postfix ikikataa kupokea kwa 452 kuliko kuapa kiapo isichoweza kukitimiza.

Kisha kuna jaribio ambalo Murera hutupa bila kuombwa. Stima hupotea. Zamani nililalamika, siku hizi inapopotea huku foleni ikiwa na barua, nawaambia vijana wasubiri irudi, wawashe mashine, waandike mailq. Barua ziko pale pale. Wakati huo ndipo neno "foleni" hugeuka kutoka istilahi ya mtihani na kuwa kitu walichokiona. Stima isipopotea siku hiyo, tunachomoa wenyewe.

Hapa ndipo panapoonekana pia mpaka wa programu ndogo za kunasa barua, kama MailHog na Mailpit. Ni nzuri kwa mwandishi wa programu anayetaka kuona kama ujumbe wake umepangika vizuri, na ningekuwa na mojawapo siku ile ya karo nisingevaa shati la Jumapili. Lakini hizo kwa kawaida hupokea kila kitu na kukuonyesha. MailHog kwa kawaida huziweka barua kwenye kumbukumbu ya muda, na ikizimwa zinapotea. Haziwezi kukufundisha kungoja wala kurudishiwa.

Dai la saba: "Gmail ipo. Seva ya barua ni kazi ya jana."

Dai hili lina pacha wake wa upande wa pili: "Imefanya kazi hapa, kesho naiweka hewani nyumbani." Nayajibu pamoja kwa kuwa yote mawili yana nusu ya ukweli.

Nianze na pacha. Usiweke. Wateja wengi wa intaneti za nyumbani hushiriki anwani moja ya nje na majirani zao, kwa utaratibu uliotengewa anwani za 100.64.0.0/10 mwaka 2012, kwa hiyo seva yako haiwezi kubishiwa hodi kutoka nje. Hata ukiwa na anwani yako, rekodi ya kurudi nyuma iko mikononi mwa kampuni inayokuuzia intaneti, mlango wa 25 mara nyingi hufungwa, na anwani za majumbani zimo kwenye orodha za anwani zisizotarajiwa kutuma barua moja kwa moja. Maabara haikupi ruhusa ya kuendesha seva ya umma, kama vile kupiga makasia kwenye bwawa hakukufanyi nahodha.

Basi aliyesema Gmail ipo ameshinda? Hata kidogo. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo hudai kila anayewatumia watu wao barua nyingi, kwa Google zaidi ya 5,000 kwa siku, awe na SPF, DKIM na DMARC kwenye kikoa chake, na wadogo nao hawakuachwa bila masharti. Rekodi ya kwanza hutaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako. Ya pili huweka hadharani ufunguo wa kuhakiki saini iliyotiwa kwenye kila barua. Ya tatu husema barua inayoshindwa mitihani hiyo ifanywe nini, na ripoti ipelekwe kwa nani. Kampuni ya Thika iliyokodi huduma ya barua kutoka Google au Microsoft bado inapaswa kuziandika rekodi hizo kwenye DNS ya kikoa chake yenyewe. Zikikosewa, ankara zake huishia kwenye barua taka, na mteja husema hakuziona.

Nani atazirekebisha? Ni yule aliyeziandika kwenye murera.test. Kwenye maabara unaweza kutia saini ya DKIM, kisha ukaibadilisha barua herufi moja njiani na kuona saini ikivunjika. Unaweza kuiondoa seva yako kwenye SPF na kuona mwenzako akiikataa. Mambo hayo huwezi kuyajaribu kwenye kikoa cha mwajiri bila mtu kuumia. Seva ya barua inaweza kuwa imehamia kwa wakubwa wa dunia. Kuelewa kwa nini barua haijafika hakujahama, na bado kunalipiwa.

Yote saba yana mzizi mmoja: kudhani kwamba maabara ni seva halisi iliyofanywa hafifu. Maabara ni seva halisi kabisa, yenye DNS, foleni, vyeti na makosa yake, iliyofungiwa mahali ambapo makosa hayo hayamfikii mtu. Ukiilegeza haitakufunza. Ukiiacha wazi, itamfunza mzazi wa mtu kwamba anadaiwa shilingi 999,999.

Kipimo changu ni hiki, nacho ndicho nawaachia vijana kila Jumamosi. Chomoa waya wa rauta: barua kutoka murera.test lazima bado ifike juja.test. Urudishe waya, uache mashine zikiwaka usiku kucha: asubuhi kusiwe na barua hata moja iliyotoka chumbani. Ikishindwa kipimo cha kwanza, bado huna seva. Ikishindwa cha pili, bado huna maabara.